Wapiga Ndovu wa Nyika: Waata, Pembe na Mipaka ya Tsavo

Katika nyumba yetu ya Malindi, chini ya ngazi, kuna mizani ya zamani ya mbao na chuma ambayo hakuna anayeitumia. Nilipokuwa mdogo niliambiwa ni mizani ya mbata. Nilipokuwa mtu mzima, nishahamia Maskati, ami yangu mmoja akanambia kwa sauti ya chini kwamba mbata zilipimwa mchana, na usiku zikipimwa pembe. Babu hakuwa tajiri. Alikuwa na duka la nguo, sukari na tumbaku, na jina lake halimo katika kitabu chochote. Lakini alinunua pembe, kama walivyonunua wengi kuanzia Mombasa hadi Lamu, na hakufungwa hata siku moja. Waliofungwa ni wale waliomletea.

Makala haya ni juu ya hao waliomletea. Watu wa Pwani waliwaita Wasanye. Wengine, na Wazungu baada yao, waliwaita Waliangulu. Wenyewe hujiita Waata, na hilo ndilo jina nitakalolitumia. Lugha yao ni jamaa wa Kioromo, na nchi yao ilikuwa nyika iliyo nyuma ya miji yetu: kutoka mto Tana kushuka hadi Galana, ule mto ambao sisi tulio mdomoni mwake tunauita Sabaki na ambao wakati wa mvua hutia wekundu bahari yote ya Malindi, na kutoka Galana kusini hadi nyika kavu ya Taru. Waliishi kwa kuwinda na kurina asali. Mifugo na mashamba waliwaachia majirani zao.

Tunapoandika historia ya uhusiano wa Afrika Mashariki na Uarabuni huanza baharini: pepo za kaskazi na kusi, majahazi, nakhodha, bandari. Pembe huingia katika hadithi zikiwa tayari ziko gatini, kana kwamba zimeota pale. Mwandishi wa kitabu cha Kigiriki cha safari za Bahari ya Sham na Hindi, katika karne ya kwanza, alikwisha kuzitaja pembe za pwani hii pamoja na manahodha wa Kiarabu waliooa kwa wenyeji na kuijua lugha yao. Miaka mia nane hivi baadaye, Abu al-Hasan Ali al-Mas'udi, aliyerejea Oman kutoka Qanbalu mwaka 304 Hijria (916 Miladi), aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanj aghalabu hupelekwa Oman, na kutoka Oman huchukuliwa Hindi na China. Na al-Mas'udi alifanya jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya: aliuliza zinapatikanaje. Akaeleza kwamba wawindaji hutia majani, maganda na matawi ya mti fulani katika maji wanayonyweshea ndovu, ndovu akinywa hulewa na kuanguka, kisha humuua kwa mikuki mikubwa. Aliambiwa pia kwamba ndovu hana viungo vya magoti, na hilo si kweli. Lakini khabari ya sumu ya mti ina ladha ya ukweli, maana mti wa sumu upo hadi leo, na jina lake kwa Kiswahili ni msunguti.

Msunguti ni mti mdogo wa majani mabichi mwaka mzima. Vijiti na mizizi yake huchemshwa siku nzima na zaidi mpaka ibaki lami nyeusi. Mafundi wa kuipika walikuwa Wagiriama, na Waata waliinunua kwao. Lami hiyo hupakwa kwenye chembe ya mshale, kisha chembe huviringishwa kwa ngozi nyembamba isikauke na isimdhuru mwenyewe. Kilichomo ndani yake wakemia wa Ufaransa walikitenga mwaka 1888 wakakiita ouabain, kutokana na neno la Kisomali la sumu hiyo, na madaktari wa Ulaya walikitumia kwa muda mrefu kama dawa ya moyo. Jamaa yake ni sumu ya kombe ya huko Zambezi, ambayo John Kirk, yule yule aliyekuwa baadaye balozi wa Uingereza Unguja kwa miaka mingi, aliigundua nguvu yake kwa bahati mbaya: mswaki wake ulichanganyika na sumu ya mishale ndani ya mizigo, akahisi mapigo ya moyo wake yamebadilika. Dawa iliingia maduka ya London na Paris, na waliokuwa wakiijua tangu dahari walibaki kuitwa washenzi.

Upinde wa Muata ulikuwa kitu cha pekee. Wazungu walioupima katika miaka ya 1950 walikuta kwamba kuuvuta ule wa ndovu kulihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, sawa na pinde kubwa za vita za Waingereza wa kale, na wengi wa waliojaribu hawakuweza hata kuufikisha upote nusu ya njia. Mwindaji alinyatia upepo ukimpiga usoni mpaka akawa hatua kumi au ishirini kutoka kwa mnyama. Alilenga tumbo, mahali ambapo mfupa hauzuii. Mshale ukiingia, wano hujitenga na kuanguka, chembe hubaki ndani na sumu yake. Sumu ikiwa mbichi na mshale umepiga penyewe, ndovu hakwenda mbali.

Nchi hiyo haikuwa na hati, lakini haikuwa ya ovyo. Kila chembe ilikuwa na alama ya mwenyewe, na aliyepiga mshale wa kwanza ndiye mwenye pembe, hata kama mnyama amekutwa na watu wengine siku ya pili. Nyama ilikuwa ya waliopo. Waata walikuwa na walezi wao, Waoromo wafugaji, na ada ilikuwa pembe moja ya kila ndovu iende kwao. Pembe ya pili ilikwenda kwa Wagiriama, na Wagiriama wakaileta Takaungu kwa Mazrui, au Mombasa, na baada ya 1861, Sayyid Majid alipoufufua mji wa Malindi, ikaletwa Malindi. Kutoka hapo Unguja, na kutoka Unguja Bombay kwa bangili za maharusi, London, na Marekani. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa 1833 ulifungua njia hiyo, na viwanda vya Connecticut vilichonga pembe za Afrika Mashariki kuwa vibao vya piano. Mji mmoja huko uliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, na jina hilo linalo hadi leo. Msomaji wetu aliyeko Marekani anaweza kwenda kuuona kwa gari.

Siwa ya Pate, ile iliyochongwa kwa pembe na iliyohifadhiwa sasa katika makumbusho ya Lamu, husifiwa kwa uchongaji wake, na inastahiki. Lakini kabla ya mchongaji palikuwa na mtu mwenye upinde, na yeye hatajwi penye kibao cha maelezo.

Sasa tuingie katika sheria. Serikali ya Kiingereza ilipoichukua nchi kutoka kwa Kampuni mwaka 1895, haikuchukua muda kuweka kanuni za wanyama. Kanuni za 1900 na zile zilizofuata zilisimama juu ya leseni. Wakati Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909, leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa paundi 50, ambazo kwa sarafu ya siku hizo ni rupia 750. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, ndovu na vifaru wakiwamo, na walisifiwa katika magazeti ya dunia nzima kwa huduma yao kwa elimu, kwani wengi wa wanyama walipelekwa makumbusho ya Washington. Muata aliyempiga ndovu mmoja mwaka huo huo alikuwa mvunja sheria. Rupia 750 hakuwa nazo, na hata angekuwa nazo, ofisi ya kumpa leseni ya upinde haikuwapo.

Hii ndiyo hatua ya kwanza ya kunyang'anywa, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya pili. Ardhi ilikuwa bado wazi. Mtu aliweza kutembea mpaka kwenye maji yake na kulala chini ya mbuyu wake. Kilichoondolewa ni haki ya kufanya pale kile ambacho pale palikuwa kwa ajili yake. Wawindaji walijifunza kuwinda kama wezi, na wanunuzi wakajifunza kupima usiku.

Wagiriama waliumia mapema zaidi na kwa sauti kubwa zaidi. Biashara ya pembe iliyoitwa sasa magendo ilikuwa moja ya mambo ambayo maofisa wa Kiingereza walitaka kuyakata walipoanza kuwasimamia kwa karibu kuanzia 1912, pamoja na kodi, vibarua, na kuwahamisha kutoka kaskazini ya Sabaki. Kila Mkenya aliyesoma anamjua Mekatilili wa Menza na anajua kwamba Kaya Fungo ilipigwa baruti mwezi Agosti 1914. Wachache wanakumbuka kwamba katika madai ya ugomvi ule pembe zilikuwamo.

Baada ya hapo, kwa miaka thelathini, sheria na mwindaji waliishi kwa kukwepana. Nyika ilikuwa kubwa, mabwana shauri wachache, na maji adimu.

Kisha likaja jambo jipya kutoka Ulaya. Wakubwa waliokuwa wamewinda sana ujanani, na wengine wao walikuwa wameunda chama cha kuhifadhi wanyama wa Dola tangu 1903, walifikia rai kwamba leseni haitoshi. Mkutano wa London wa 1933 uliafikiana kwamba makoloni ya Afrika yatenge mbuga ambazo hapatawindwa wala kukaliwa. Vita vikachelewesha. Sheria ya mbuga ya Kenya ilipitishwa 1945, Nairobi ikawa ya kwanza mwaka 1946, na tarehe 1 Aprili 1948 ikatangazwa Tsavo: zaidi ya kilomita mraba 20,000, mbuga kubwa kuliko zote nchini. Ilichaguliwa kwa sababu ilionekana haina mtu. Haina mvua ya kulimia, ina mbung'o wanaoua ng'ombe, basi nani ataitaka?

Walioitaka walikuwamo ndani. Katika eneo la kando ya Galana na kusini yake, visima vya mawe, vijito vya msimu na vilima vilikuwa na majina ya Kiwaata, na baadhi ya majina hayo yamo katika ramani za watalii hadi leo. Mbuga ilipotangazwa walitakiwa watoke. Wakatoka, kwa maana ya kwamba vibanda vyao vilihamia nje ya mstari. Lakini ndovu hawakuhamia nje ya mstari, na mwindaji hufuata anachokiwinda. Wakamba wa upande wa kaskazini na magharibi walifanya vivyo hivyo.

Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu katika miaka ya karibuni pamezuka mtindo wa kuwaeleza Waata kama watu waliowinda kwa kitoweo tu, wasiojua thamani ya pembe. Si kweli, na ni kuwavunjia heshima. Walijua bei. Baada ya Vita Vikuu vya Pili bei ilipanda, wanunuzi wa Pwani waliongezeka, na mishale iliongezeka. Mizoga iliyokatwa pembe ilikutwa Tsavo kwa wingi, na mlinzi wa mbuga ya Tsavo Mashariki, David Sheldrick, aliyekuwa na kambi yake Voi, hakuwa anazua aliposema kwamba ndovu wanauawa kila wiki. Mtu anaweza kusema yote mawili kwa pinzi moja la ulimi: kwamba ndovu walikuwa wanapigwa kupita kiasi, na kwamba waliokuwa wanawapiga walikuwa kwao.

Mwishoni mwa 1956 ikaanzishwa kampeni. Sheldrick na msaidizi wake Bill Woodley walipewa watu, magari na pesa ambazo mbuga haikuwahi kuziona. Woodley alikuwa ametoka katika vita dhidi ya Mau Mau, na mbinu alizokuja nazo ni zile zile: kukamata mmoja, kumhoji, kuandika majina, kurudi usiku na yule aliyesema. Daftari la majina lilikua kijiji kwa kijiji. Mkuu wa wawindaji waliotafutwa, Galogalo Kafonde, sifa zake zilivuma hata kwa waliokuwa wakimsaka, na jina lake limeingia vitabuni, jambo ambalo si wawindaji wengi wa Kiafrika wa zama hizo wamelipata. Kufika mwisho wa 1957 uwindaji wa mishale ndani ya Tsavo Mashariki ulikuwa umevunjwa. Karibu kila ukoo wa Waata ulikuwa na mtu jela.

Ile alama ya chembe, ambayo kwa vizazi ilikuwa ushahidi wa haki ya mtu, sasa ilikuwa ushahidi wa kosa lake.

Na wanunuzi? Hapa historia yangu inakuwa fupi kwa aibu. Wapo walioshtakiwa. Lakini mwenye duka alikuwa na mwanasheria, alikuwa na njia ya kusema hakujua, na aghalabu alikuwa na jahazi la jamaa yake linalosubiri upepo. Ami yangu anakumbuka kwamba mwaka ule, kwa miezi kadhaa, hakuna Msanye aliyekuja dukani. Babu alilalamika kwamba wana madeni kwake. Hakuuliza waliko, maana alijua.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba waliokuwa wa kwanza kuona uzito wa kilichotendeka ni wale wale waliowakamata. Sheldrick na Woodley waliwastahi Waata kama wawindaji, na waliona kwamba wamevunja maisha ya kabila zima dogo bila ya kuwapa chochote mahali pake. Kutokana na fikira hizo ukazaliwa mpango wa Galana mwaka 1960. Eneo la karibu maili mraba 3,000, mashariki ya mbuga, kati ya Galana na Tana, litengwe. Waata wapate kuwinda humo kihalali kwa idadi maalumu. Nyama na pembe ziuzwe, na faida irejee kwao. Kijana wa idara ya wanyama, Ian Parker, alipewa kuuanzisha.

Katika makaratasi lilikuwa wazo la kutangulia wakati wake kwa miaka thelathini. Katika nyika lilipungukiwa na kitu kimoja: upinde. Serikali haikuwa tayari kuhalalisha mshale wa sumu baada ya kuutangaza kuwa ni ukatili, basi ndovu wa mpango walipigwa kwa bunduki na watumishi wa idara, na Waata waliajiriwa kufuata nyayo, kuchuna na kubeba. Mtu aliyekuwa bingwa akawa kibarua wa kazi yake mwenyewe. Fedha nazo hazikutosha, mauzo ya nyama yalikuwa magumu katika nchi isiyo na barabara, uhuru ukaja na maofisa wakabadilika. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, sehemu kubwa ya eneo hilo, karibu ekari milioni 1.5, ilikodishwa kwa kampuni ya ufugaji iliyoendesha pia uwindaji wa wageni wenye leseni. Kwa hivyo paliwindwa tena. Ila kwa dola.

Wakati huo huo, ndani ya mbuga, ndovu waliokuwa wamelindwa walizidi. Walikula miti mpaka msitu ukawa uwanda. Mwaka 1966 ndovu 300 walipigwa kwa bunduki kwa ajili ya uchunguzi, na mtaalamu Richard Laws akapendekeza wengine wengi wapunguzwe. Sheldrick akakataa, akasema mbuga ijirekebishe yenyewe. Ugomvi wao ulikuwa mkali na Laws akaondoka. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja ukahukumu kwa njia yake: ndovu walikufa kwa maelfu, na makisio mengi yanataja 6,000 au zaidi, wengi wao majike na watoto wasioweza kwenda mbali na maji. Wataalamu wanabishana hadi leo nani alikuwa na haki. Nilipokuwa nikisoma mabishano hayo niliwaza juu ya wazee wa Kiwaata waliokaa ng'ambo ya mstari mwaka ule, wenye vifungo vya jela nyuma yao kwa ndovu wawili watatu, wakinusa mizoga.

Mwezi Mei 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, wa tajiri na wa maskini, na mwaka uliofuata maduka ya vipusa yakafungwa. Kisha bunduki za kivita ziliingia nyikani kutoka kaskazini, na Tsavo ikamwagika damu kuliko wakati wowote wa mishale. Hesabu ya 1988 ilikuta ndovu 6,000 hivi katika Tsavo na viunga vyake, mahali ambapo miaka ishirini nyuma walikadiriwa kuwa zaidi ya 30,000. Ndipo serikali ikaunda idara mpya ya wanyama pori, na mwezi Julai 1989 ikachoma tani 12 za pembe mbele ya dunia. Ndovu wamerudi tangu hapo. Sensa ya 2021 ilihesabu zaidi ya 14,000. Wanaosema kwamba Waata wangeachwa wangewazuia majangili wa bunduki wanasema zaidi ya wanavyoweza kuthibitisha. Lakini ni kweli kwamba bunduki zilipofika hapakuwa na mtu wa kukaa katika nchi ile, wa kuona nyayo ngeni asubuhi na kusema.

Wasomaji wa Oman watakumbuka kisa kilicho karibu nao. Maha, yule choroa mweupe, alitoweka porini mwaka 1972, akiwa amemalizwa na wawindaji wa mbali wenye magari. Aliporejeshwa Jiddat al-Harasis, akaachiwa huru mwanzoni mwa 1982, walioajiriwa kumlinda walikuwa Harasis wenyewe, na ngamia na mbuzi wao waliendelea kulisha pale pale. Haikuwa pepo. Ujangili wa kumkamata maha akiwa hai ulizuka katika miaka ya 1990, na mwaka 2007, baada ya hifadhi kupunguzwa kwa asilimia 90, UNESCO iliiondoa katika orodha yake, tukio la kwanza la aina hiyo duniani. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo Tsavo halikufanyika: mwenye nchi aliulizwa, na akabakia.

Leo ukiwa Malindi au Watamu unachukuliwa hotelini alfajiri, unapita lango la Sala, na kabla ya adhuhuri umekwisha kuwapiga picha ndovu wekundu wa Tsavo. Wajukuu zangu waliokulia Gulf wamekwenda, na mimi nililipa. Ni biashara kubwa ya Pwani, na mwenye kuidharau aende akaone mji wa Malindi ulivyo watalii wasipokuja. Lakini ramani ya nchi ya Waata sasa inasomeka hivi: sehemu ni mbuga, sehemu ni ranchi ya shirika la serikali, sehemu ilitengwa mwaka 2014 kwa mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Galana Kulalu, na vijiji vyao vimebanwa kandokando katika kaunti za Kilifi, Tana River, Kwale na Taita Taveta, ambako ndovu huvuka usiku kula mahindi. Sheria ya wanyama pori ya 2013 inamwadhibu anayewinda kwa kitoweo faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Kwa kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka, ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha.

Mkabala wake ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 63 kinataja, katika ardhi ya jamii, ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Kifungu cha 62 kinaziweka mbuga na hifadhi za wanyama katika ardhi ya umma. Nchi ya Galana inaweza kusomwa kwa kifungu chochote kati ya hivyo viwili, na hapo ndipo kesi ilipo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ikikaa Arusha mwezi Mei 2017, iliwapa Waogiek wa msitu wa Mau haki dhidi ya serikali ya Kenya, na ikakataa hoja kwamba kuhifadhi msitu peke yake kunatosha kuwaondoa. Waogiek walikuwa na mashahidi, mawakili na karatasi za miaka mingi. Waata ni wachache, na karatasi zinazowataja zaidi ni za polisi.

Au labda si hizo tu. Wenye maduka wa Pwani waliandika. Waliandika kwa Kiarabu, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa Kigujarati: nani kaleta, siku gani, kutoka upande gani, uzani wa frasila ngapi, kachukua nguo gani kwa deni. Daftari kama hilo linaonyesha watu gani walitoka sehemu gani ya nyika mwaka gani, kabla ya mbuga kuchorwa. La babu liliteketea pamoja na vitu vingine katika kuhama. Naamini yapo mengine, Maskati, Mombasa, Leicester, Dubai, ndani ya masanduku ambayo hayajafunguliwa kwa sababu kilichomo kilikuwa magendo. Walioandika wamekwisha kufa na hakuna wa kushtakiwa. Mwenye nalo asilitupe. Alipige picha ukurasa kwa ukurasa na kuwaletea wahariri wa jarida hili, na kama familia haitaki jina lake litajwe, lifutwe jina la mnunuzi. Majina ya waliouza yaachwe yalivyo.